Ada ya Chombo Bila Hesabu ni Dhuluma



Alfajiri, kabla jua halijachomoza baharini, mashua za wavuvi hurejea katika madiko ya pwani yetu. Mama karanga wamekwisha kufika na karai zao, wachuuzi wanapatana bei, na pembeni, chini ya mwarobaini, ameketi mtu mwenye kitabu cha risiti. Huyo hachelewi kamwe. Kusi ivume au kaskazi, samaki wawepo au wasiwepo, mwenye kitabu cha risiti yupo.

Tulizuru diko moja la namna hiyo, nasi hatulitaji jina kwa kuwa yako mengi yanayofanana nalo. Ngazi za saruji zimebomoka, hata mzee anayeteremka na ndoo ya samaki hana budi kupapasa kwa mguu kama atembeaye gizani. Choo kimetiwa kufuli. Taa haiwaki. Mfereji wa majitaka wamwaga uchafu wake hatua chache tu kutoka pale samaki wanapooshwa. Tukawauliza wavuvi: ushuru mnaoulipa huenda wapi? Wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya.

Na tuanze kwa kusema lile ambalo wakubwa hawatarajii kulisikia kutoka kwetu. Sisi hatupingi ada ya vyombo. Gati haijijengi. Mchanga na tope hujaza mlango wa bandari kila mwaka, na mtu lazima alipwe ili auchimbe. Mikoko ikifa, mawimbi hula ufuo. Tena vyombo vyenyewe havina usafi wa malaika: injini humwaga oili chafu, nyavu za nailoni zilizochakaa hutupwa majini zikaendelea kunasa kasa na samaki bila faida kwa yeyote, na chupa za plastiki zaelea kila maji yajaapo. Atumiaye bandari na aitunze. Hilo ni neno la haki, nasi twalikubali mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu.

Tunachokipinga ni ada isiyo na hesabu.

Wasomaji wetu walio waumini wa kanisa wanaikumbuka habari ya mfalme Yoashi katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme aliagiza makuhani wapokee fedha za watu na kuzitumia kutengeneza mabomoko ya nyumba ya Bwana. Fedha zikapokewa. Miaka ikapita. Ulipofika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, mabomoko yalikuwa yangali mabomoko. Je, mfalme aliongeza sadaka? Aliwalaumu watu kwa ubahili? La. Aliwaita makuhani akawauliza kwa nini hawakutengeneza, kisha akawaondolea kazi ya kupokea fedha hizo. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu, mahali ambapo kila aingiaye aliliona. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu fedha pamoja, wakawakabidhi wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Nyumba ikatengenezwa.

Tazameni, ndugu, mageuzi yale yalikuwa ya namna gani. Watoaji walikuwa walewale. Kilichobadilika ni njia ya fedha: sanduku lilijulikana, lilionekana, lilihesabiwa na watu wawili wasio wa ofisi moja, na kilichomo kilikwenda kwa fundi.

Sasa tuangalie njia ya fedha zetu. Kifungu cha 207 cha Katiba ya 2010 chaagiza kwamba fedha zote zinazokusanywa na serikali ya kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria ya Bunge. Agizo hilo lina hekima, kwa kuwa lilikusudiwa kuziba mifuko ya siri iliyotutesa zama za chama kimoja. Lakini shilingi ya mwenye mtumbwi ikishaingia katika hazina hiyo kubwa, haina tena alama ya bahari. Yaweza kuwa mshahara, yaweza kuwa petroli ya msafara, yaweza kuwa viti vya hema la mkutano. Hakuna awezaye kusema, "Hii hapa, imerudi kujenga ngazi."

Je, sheria imetufunga mikono? Haikutufunga. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti feri na bandari, mbali na usimamizi wa safari za meli za kitaifa na kimataifa. Limezikabidhi pia uvuvi, na huduma za maji na usafi. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 chairuhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya bunge lake. Na kifungu cha 120 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka huohuo chataka kila kaunti iwe na sera ya ada, yenye kuwatendea watumiaji kwa usawa na kuhakikisha kwamba kila mmoja analipa kwa kadiri ya matumizi yake. Sanduku la Yehoyada limo ndani ya sheria zetu. Limewekwa kabatini.

Kuna watakaosema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Si kweli. Mwaka 1986 Marekani iliweka malipo ya utunzaji wa bandari juu ya thamani ya shehena, na baadaye yakapandishwa hadi dola 1.25 kwa kila dola 1,000. Mwaka 1998 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba malipo hayo hayangeweza kutozwa bidhaa ziendazo ng'ambo, kwa sababu hayakulingana na jinsi mlipaji alivyoitumia bandari. Kwa hivyo yalikuwa kodi iliyovaa joho la ada, na Katiba yao yakataza kodi ya namna hiyo. Na fedha zenyewe je? Kwa miaka mingi serikali ilikusanya zaidi ya ilichotumia, hata salio likapita dola bilioni 9 huku bandari zikijaa tope. Ilikuwa mpaka 2020 ndipo sheria ilipobadilishwa ili fungu lile litumike kwa kazi yake. Ikiwa taifa lenye wakaguzi wengi kiasi hicho lilijisahau hivyo, sisi tutaaminije maneno matupu?

Lipo pia fundisho jema la kuigwa. Katika bandari za Bahari ya Baltiki, meli hulipa ada ya taka inapotia nanga, iwe imeshusha taka au haikushusha. Maana yake ni nini? Nahodha aliyekwisha kulipa hana faida yoyote ya kutupa uchafu baharini usiku. Aona afadhali aushushe. Lakini ikiwa twamtoza mvuvi kila aletapo dumu la oili chafu, tutakuwa tumemfundisha kulimwaga. Ada yaweza kusafisha maji, na ada yaweza kuyachafua. Yategemea imetungwa na nani, na kama mtungaji alimsikiliza mwenye chombo.

Sasa tufike penye donda. Nani hasa ayachafua maji yetu?

Enendeni Mombasa mkajionee. Sehemu kubwa ya jiji hilo haina mabomba ya majitaka, na uchafu wa binadamu huishia katika hori za Tudor na Makupa. Kule Kibarani, kando ya hori ya Makupa, taka za jiji zilitupwa kwa miongo kadhaa, nazo mvua na mawimbi yakazisukuma majini. Tuta la Makupa, lililojengwa zama za ukoloni, lilizuia maji kupita na kujisafisha mpaka daraja lilipofunguliwa 2022. Mwaka 2005 meli ya mafuta ilitoboka ubavu katika bandari ya Kilindini, na mafuta yakatapakaa hadi kwenye mikoko ya Port Reitz. Na huko Lamu, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari mpya, na ikaona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Katika orodha hiyo, ngalawa iko wapi? Mtumbwi wa mwembe uko wapi? Mvuvi hakuchimba mfereji wa majitaka. Yeye ndiye auzaye samaki aliyepita ndani yake. Kwa hivyo twasema bila kumung'unya maneno: ada ya vyombo isafishe uchafu wa vyombo na kutunza gati za vyombo. Choo cha jiji kijengwe kwa fedha za jiji. Mwenye kiwanda alipie maji yatokayo kiwandani mwake. Mwenye meli alipie mafuta yake. Kumtwika mwenye ngalawa gharama hizo zote kwa kuwa yeye ndiye apatikanaye ufuoni saa kumi na mbili asubuhi ni kumpiga aliye karibu na kumwachia aliye mbali.

Tena usawa si kila mtu kulipa kiasi kimoja. Boti ya kitalii yenye injini mbili hutumia gati kila siku, msimu wa wageni. Ngalawa ya tanga haina injini wala oili, na wakati wa kusi kali hulala mchangani majuma mengi. Kuvitoza vyombo hivi sawasawa ni kuwafanya maskini wawalipie matajiri bandari.

Tunajibiwa: "Lipeni kwanza, huduma zitakuja." Tumelipa. Tunajibiwa tena: "Fedha za madiko ni kidogo mno, hazistahili mfuko wake." Ikiwa ni kidogo, basi kuzihesabu ni kazi nyepesi, na mkaguzi atamaliza kabla ya adhuhuri. Na tunajibiwa mara ya tatu: "Wavuvi wenyewe wakipewa fedha watazila." Huenda wapo watakaojaribu. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vile vinavyoitwa BMU, vilivyopata kanuni zake 2007, vimekuwa na viongozi waadilifu na vimekuwa na walafi. Ndiyo maana sanduku la Yehoyada lilihesabiwa na wawili. Hatutaki fedha zihame kutoka mkono mmoja wa giza kwenda mkono mwingine wa giza.

Kwa hivyo twadai haya manne:

1. Kila kaunti yenye bahari au ziwa ianzishe mfuko maalumu wa madiko na bandari ndogo chini ya kifungu cha 116, ili kila senti ya ada ya vyombo irudi kwenye gati, vyoo, taa, mapipa ya oili chafu na upimaji wa maji.

2. Ada ipangwe kwa ukubwa wa chombo, injini na matumizi ya gati. Vyombo vya makasia na tanga vitozwe ada ya chini kabisa au visitozwe.

3. Hesabu ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani katika kila diko, kwa Kiswahili, kila baada ya miezi mitatu, ikiwa na sahihi ya afisa wa kaunti na ya mwakilishi aliyechaguliwa na watumiaji, wakiwemo mama karanga.

4. Maji ya kila diko yapimwe na matokeo yabandikwe kando ya hesabu hiyo, ili tujue kama fedha zetu zimesafisha kitu.

Wapo watakaouliza haya yanahusu nini mapambano ya vyama vingi. Yanahusu yote. Tarehe 7 Julai 1990 Wakenya hawakupigwa na kutiwa ndani ili orodha ya vyama katika karatasi ya kura iwe ndefu. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulichokikomboa ni haki ya kumuuliza mtawala, "Umefanya nini na amana yetu?" Na mwezi Juni 2024, vijana walipojaa barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa, walikuwa wakiuliza swali lilelile la wazazi wao. Swali hilo likikosa jibu katika diko dogo, halitapata jibu katika Hazina Kuu.

Msingoje viongozi. Kifungu cha 35 cha Katiba champa kila raia haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yamtaka afisa ajibu ombi ndani ya siku 21. Barua moja yatosha: mwaka jana diko letu lilikusanya kiasi gani, na kiasi gani kilirudi? Parokia na makanisa yaliyo karibu na maji yatoe karani wa kuandika na ukumbi wa kusomea majibu, na majirani zetu Waislamu, ambao amana kwao ni neno zito, waalikwe kuketi nasi mstari wa mbele. Majibu yasipokuja, liandikwe ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na kila mwenye chombo atie sahihi au kidole gumba.

Wavuvi wale walicheka tulipowauliza fedha zao huenda wapi. Siku tutakayorudi tukawakuta hawacheki, ila wanatuonyesha kwa kidole karatasi iliyobandikwa ukutani na ngazi mpya iteremkayo majini, siku hiyo tutajua kwamba mageuzi yamefika ufuoni.