Eti mwalimu na terminali wapi na wapi?

Sigino, Jumatano usiku.

Jamani nimekuwa kimya, msinilaumu. Niko fildi huku Sigino, kata mojawapo ya Babati mjini, mkoani Manyara, nafundisha Kiswahili na Historia. Baridi ya Julai huku si mchezo, hata sweta nimeazima. Stori za fildi nitazimwaga siku nyingine. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni kwenu, nyie nyie tunaokaa wote kantini.

Nilipoandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba najifunza kuendesha seva ya mafaili kwa kuandika amri, mlinijibu nini? "Dada, umehamia kitivo cha kompyuta?" Mwingine: "Mwalimu na terminali wapi na wapi!" Sawa, chekeni. Sasa sikilizeni.

Shule niliyopangiwa ina kompyuta moja ya zamani ofisini kwa walimu. Kuna mtu aliiwekea Linux na Nextcloud, akaiunganisha na ruta, akaondoka zake. Laptopu ya mwalimu ikiwa karibu na ile ruta inasawazisha mafaili yenyewe: maandalio ya somo, mitihani, alama. Bando haliliwi, maana kila kitu kinazunguka humo humo ofisini. Raha tupu. Ila aliyeifunga ndiye pekee aliyeijua.

Jumatatu ya wiki iliyopita mwalimu mmoja laptopu yake ilijaa, akafuta folda ya alama za kidato cha nne. Alidhani anafuta ya kwake tu. Kumbe kusawazisha ndiko huko: ukifuta kwako, seva nayo inafuta, na laptopu za wenzako zinafuta. Ilipofika saa nne asubuhi alama za muhula mzima hazikuwepo kwenye laptopu yoyote, na Ijumaa yake kulikuwa na kikao cha wazazi. Ofisi ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani.

Tukampigia simu fundi mmoja. Akasema seva imejaa ndiyo maana inasumbua, andika hivi, akanitajia: trashbin:cleanup --all-users. Nikaandika. Kidole kiko juu ya Enter, nikajiuliza, trash si takataka? Ile amri ingemwaga pipa la taka la seva nzima! Na nakala pekee ya zile alama ilikuwa humo kwenye pipa, kwa sababu Nextcloud isipobadilishwa mipangilio huvitunza vilivyofutwa siku 30. Nilitoa kidole kama nimegusa jiko.

Tukaanza upya, polepole. df -h ikasema diski imejaa asilimia 94. du ikaonyesha nani kala nafasi: gigabaiti 60 za muvi za kutafsiriwa (simtaji, anajijua). Halafu trashbin:restore kwa jina la mwenye akaunti, na folda ikarudi. Mzee wa taaluma alipiga makofi.

Sijifanyi mtaalamu. Siku ya kwanza occ, programu inayopokea amri za Nextcloud, ilinikatalia jioni nzima kwa sababu niliiendesha kama mkuu wa mashine. Inataka uwe yule mtumiaji mwenye mafaili ya seva, ndiyo maana kila mahali mnaona sudo -u www-data php occ. Siku nyingine nikanakili mitihani ya zamani ya NECTA kutoka kwenye flashi moja kwa moja hadi folda ya data, hakuna aliyeiona mpaka nilipoendesha files:scan. Nextcloud inaamini kilichoandikwa kwenye hifadhidata yake, si kilichopo kwenye diski. Sasa hapo kuna hesabu gani ngumu? Ni kusoma sentensi na kuielewa kabla ya kubonyeza. Si ndio sisi tunaojiita walimu wa lugha?

Mtasema kuna mtu wa IT. Nitajieni shule ya kata mliyosoma iliyokuwa na mtu wa IT. Mtasema weka kila kitu Google Drive. Mimi nami naitumia, sijifanyi mtakatifu. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mlifungua nini? Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, kazi yangu yote ilikuwa mawinguni, nami niko nyumbani natazama kioo. Ruta ya ofisini haijali hayo, mradi umeme upo.

Halafu kinachoniuma zaidi: somo letu la kompyuta chuoni, muhula mzima tumepamba kingo za kurasa! Mwaka 2004 watu wa Mlimani, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Wao walitafsiri programu, sisi ukurasa wa msaada unatushinda.

Seva nayo itakufa siku moja, hilo najua, na kusawazisha si kutunza nakala. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni tunawasha maintenance:mode, tunanakili folda ya data, ya config na hifadhidata kwenye diski ya nje, tunazima. Vyote vitatu, maana mafaili bila hifadhidata ni gunia la karatasi lisilo na orodha. Diski inafungiwa kabatini.

Nabakiza wiki tatu. Nikiondoka na haya kichwani mwangu, nitakuwa sawasawa na yule aliyeifunga akaondoka. Ndiyo maana kibodi siigusi tena. Anayeandika ni mzee wa taaluma, kwa vidole viwili, na kila amri anainakili kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu pamoja na inachofanya. Jana nilisahau nikasogea kukaa. Akanifukuza: "Madam, kaa pembeni, wewe nisomee tu."