Mnaomcheka Kocha wa Mabosi, Kasomeni Upya Kinjeketile

Majuzi tulikutana wasomaji kama kumi hivi hapa Dar es Salaam, tukawa tunazungumzia vitabu vinavyotandazwa chini barabarani kule Posta. Mmoja wetu, mtu ninayemheshimu kwa usomaji wake, akasema riwaya siku hizi hazionekani, zimefunikwa na vitabu vya kuwafundisha mabosi kuwa mabosi. Akaongeza: "Na sasa hata kitabu hawasomi. Wanakodi mtu anakuja ofisini kuwauliza wanajisikiaje." Tukacheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu moja tu: niliwahi kukaa na mtu wa namna hiyo vikao sita, na sikutaka ijulikane.

Leo naisema. Na nasema pia kwamba kicheko kile kilikuwa cha kijinga, changu kikiwa cha kwanza.

Nianze na kukubali kinachostahili kukubaliwa. Neno lenyewe linachekesha. Ukisema kocha hapa kwetu, watu wanamwona mtu mwenye filimbi shingoni na benchi la Simba au Yanga nyuma yake, anayefukuzwa baada ya sare tatu. Halafu kuna wale wa kumbi za hoteli. Unawajua. Suti imekaza, kipaza sauti cha masikioni, anakwambia ugeukie jirani yako umwambie "wewe ni mshindi", kisha unatoka na kalamu, daftari na maji ya chupa, na Jumatatu uko vilevile. Hakuna sheria inayomzuia mtu kuamka asubuhi akajiita kocha wa uongozi, na wengi wameamka hivyo. Hao wachekeni, nitawasaidia.

Lakini ule si ukocha, ni mahubiri yasiyo na dini. Ukocha wenyewe ulitokea upande mwingine kabisa. Mwaka 1974 Mmarekani Timothy Gallwey aliandika kitabu kuhusu tenisi, akidai kwamba mchezaji anaharibiwa zaidi na kelele za kichwani mwake kuliko na mpinzani wa ng'ambo ya wavu, na kwamba mwalimu anayemfokea anaongeza kelele hizo. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya mashindano, akalichukua wazo hilo akalipeleka maofisini, na mwaka 1992 akalitolea kitabu. Njia aliyoieneza haina uchawi: unataka nini, hali ikoje sasa hivi, una njia zipi, utafanya nini na lini. Kocha anauliza. Hashauri, hatoi hotuba, na wala hajui kazi yako kuliko wewe. Ndiyo maana inaonekana kama utani kulipia.

Sasa nije kwangu.

Nilipandishwa kuwa mhariri wa dawati kwa sababu nilikuwa naandika vizuri. Hiyo ndiyo sababu pekee. Hakuna aliyeniuliza kama naweza kukaa na watu. Ijumaa nilikuwa mwandishi, Jumatatu nikawa na waandishi saba chini yangu, na nikafanya kile nilichojua: nikaandika. Niliandika upya kila kitu. Habari ikija naifumua, naisuka upya, natoka ofisini saa nne usiku nikiwa najionea huruma na kujisifu kwa wakati mmoja. Kwenye kikao cha asubuhi watu walikaa kimya. Nikadhani ni heshima.

Kulikuwa na kijana mmoja, mwepesi, mwenye jicho. Alikuwa anaweza kwenda soko la samaki Feri akarudi na habari ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Siku moja akasimama mlangoni akaniambia, "Dada, mimi naona niachane na hii kazi. Nikisoma gazeti naona jina langu, simwoni aliyeandika." Nikamwambia atulie, habari yake ilikuwa na makosa ya kisarufi. Ndicho nilichomjibu. Mwisho wa mwezi hakuwepo.

Mwajiri alikuwa analipia kocha kwa wahariri wachache, nami nikawekwa kwenye orodha. Nilikwenda nimenuna. Nilimkuta mama mmoja mstaafu, wa makamo ya mama yangu, aliyetumia maisha yake benki na hajawahi kuandika habari hata moja. Nikamwamkia, nikajiandaa kwa mahubiri. Akauliza: "Mara ya mwisho uliichapa habari ya mwandishi wako bila kugusa intro ilikuwa lini, mwanangu?"

Nikafungua mdomo. Nikafunga. Nikaanza kumweleza kuhusu kiwango cha elimu ya uandishi nchini, vyuo, wanafunzi wasiosoma vitabu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akauliza tena swali lilelile, neno kwa neno.

Nilirudi ofisini nikahesabu. Katika wiki ile habari 14 zilipita mezani kwangu, nikawa nimeandika upya mwanzo wa 13. Ile moja iliyobaki ilipona kwa sababu umeme ulikatika.

Kikao cha pili akauliza: "Ukiiandika upya, anayejifunza ni nani?" Sikumjibu. Nilitokwa na machozi, na si kwa kuguswa, ilikuwa hasira. Miaka yote ile hakuna mtu aliyenikosoa kwa swali. Waliokuwa chini yangu waliogopa, waliokuwa juu yangu walitaka kurasa zijae, mume wangu alikuwa ananipikia chai na kunipa pole. Hakuna hata mmoja ambaye ukweli wangu haumgharimu kitu. Hapo ndipo nilipoelewa analipwa kwa lipi yule mama: hakuwa anatafuta kupandishwa cheo na mimi, wala hakuwa na la kuogopa kwangu. Na tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo, sisi wawili na mwajiri, kwamba ofisi itajua kama nimehudhuria, basi. Nilichosema humo hakitoki. Kocha anayempelekea mwajiri taarifa za maneno yako ni mpelelezi, mfukuze.

Sasa turudi kwenye vitabu, maana najua hapa ndipo mlipo.

Mnakipenda Kinjeketile cha Ebrahim Hussein. Mimi pia. Tangu kilipotoka mwaka 1969 tumekisoma shuleni kama tamthiliya ya umoja na ya maji. Jamani, kisomeni tena mkimwangalia Kitunda. Kinjeketile ana watu wote nyuma yake, wanaimba, wanafanya mazoezi, wanataka vita ianze hata kesho. Kila mtu anamtaka awe mkubwa zaidi. Anapokaa na Kitunda ndipo shaka yake inapata mahali pa kutokea: kwamba neno alilolitoa, la kuwa watoto wa Seyyid Said, lina maana ya kumwondoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Kiongozi analijua tatizo lake pale tu anapopata mtu wa kulisema mbele yake. Tatizo ni kwamba amechelewa. Neno limeshamzidi mwenyewe.

Au chukueni Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Utetezi wake ni nini? Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na maarifa, wakatupwa gerezani. Nchi ilikuwa inajua mambo. Elimu ilishafika mlangoni mara sita. Kilichokosekana ni mfalme kukaa kitini akasikiliza bila Majivuno kumkatiza. Alipolazimika kusikiliza mpaka mwisho, wale watu wakafunguliwa.

Tunaandika makala ndefu kuhusu viongozi wa vitabuni walioharibikiwa kwa kukosa mtu wa kuwauliza. Halafu wakipatikana watu ambao kazi yao ni kuuliza, tunawaita matapeli wote kwa pamoja. Hivi tunasoma kwa ajili gani?

Kuna pingamizi moja kubwa, na sitaki kulikwepa. Rafiki yangu mmoja mwanaharakati anasema ukocha unachukua shida ya mfumo na kuifanya shida ya moyo. Mwandishi analipwa kwa habari moja moja, malipo yanachelewa, na wewe unaletewa mama wa kukuuliza kuhusu intro. Ana haki. Kwa vikao vitatu mimi mwenyewe niliamini kila kitu ni kosa langu, na hiyo pia ni aina ya majivuno. Kikao cha nne nikawa nalalamika kuhusu korespondenti wa mikoani wanaochelewesha kazi. Akauliza wanalipwa lini. Sikujua. Nilikuwa bosi wao, sikujua wanalipwa lini! Akauliza: "Na hilo liko mikononi mwa nani?" Nikaenda kwa mhariri mkuu, nikaenda uhasibu, nikarudi tena uhasibu. Hawakuongezwa hata senti, nisidanganye. Ila walianza kulipwa tarehe inayojulikana, na mmoja wa Kigoma akanipigia kunishukuru kama vile nimempa kiwanja. Kocha hawezi kupandisha mshahara wa mtu. Lakini bosi asiyewahi kuulizwa chochote hatauona mshahara huo kabisa.

Wengine mtasema haya tunayo tangu zamani, tuna kungwi, tuna somo. Ni kweli nusu. Kungwi anakuambia, kocha anakuuliza, na kuna mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyashika mpaka ayatamke mwenyewe. Ila nawashukuru kwa mfano, maana unanisaidia. Bibi harusi haendi kwa mumewe bila kungwi. Muuguzi anakabidhiwa wodi nzima kwa barua ya ukurasa mmoja.

Kama ni suala la ushahidi, upo, ingawa si wa kupigiwa vigelegele. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Uholanzi, Theeboom, Beersma na van Vianen, walikusanya tafiti 18 zilizokuwepo, wakaona ukocha unasaidia kazi ya mtu, hali yake, namna anavyokabili shinikizo na anavyofuatilia malengo aliyojiwekea. Miaka miwili baadaye ukatoka uchambuzi mwingine, wa Jones na wenzake wa Uingereza, na huu ndio unaonifurahisha: makocha wa ndani ya taasisi walionekana kuleta matokeo makubwa kuliko wa kukodiwa nje. Maana yake si lazima aje mtu kwa ndege. Mwalimu mkuu mstaafu wa Tabora, akifundishwa kuuliza na kunyamaza, anaweza kukaa na mwalimu mkuu mpya wa Urambo.

Hapo ndipo ugomvi wangu wa kweli ulipo, na si na nyinyi tena, ni na wanaotoa fedha. Huduma hii inatolewa kwa walio juu kabisa, kama gari na dereva. Bill Campbell, kocha maarufu kuliko wote kule Marekani, aliyewahi kweli kufundisha timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Columbia, alikaa na akina Steve Jobs na Eric Schmidt, naye akafariki mwaka 2016. Vizuri kwao. Lakini mkurugenzi mwenye wasaidizi wanne si ndiye anayezama peke yake. Anayezama ni mwalimu mkuu aliyekuwa anafundisha Hisabati hadi juzi, mganga mfawidhi wa kituo cha afya, mhariri wa dawati. Tuna ADEM kule Bagamoyo inayofundisha uongozi wa shule, na kozi ni kitu kizuri, ila kozi inaisha kwa cheti na picha ya pamoja. Shida zinaanza Jumatatu, mzazi akiwa mlangoni na walimu wawili hawasemeshani. Huyo ndiye wa kupewa saa moja kila wiki tatu na mtu asiyemwogopa.

Kwa anayetaka kumjaribu kocha kabla ya kumlipa: mwambie tatizo lako kwa dakika tano. Akianza na "mimi nilipokuwa kwenye nafasi kama yako", ondoka. Muulize amefundishwa wapi na amekaa na watu saa ngapi. Hata ngazi ya chini kabisa ya International Coaching Federation, chama kilichoanzishwa 1995, inadai mafunzo ya saa 60 na mazoezi ya saa 100. Akikuonyesha picha zake na mawaziri, ondoka haraka zaidi.

Yule kijana wa Feri nilimtafuta baada ya kikao cha mwisho. Yuko kwenye shirika moja, kitengo cha mawasiliano, anaandika taarifa za mradi na mshahara unaingia kwa wakati. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: habari yako ya soko la samaki, ile ya kwanza kabla sijaigusa, bado unayo? Akajibu baada ya siku mbili. "Sina dada. Nilikutumia wewe."

Nimeitafuta kwenye barua pepe zangu. Ipo. Nimeisoma mara tatu, na intro yake ilikuwa sawa.