Usilipie kipimo cha unyevu kijitafute chenyewe

Vijana wa hapa Mazwi mnaolima kibiashara, swali linanirudia: hivi vipimo vya unyevu wa udongo visivyo na waya, ni kweli vinaweza kuonyesha vilipo shambani kwa nguvu ya mawimbi ya redio tu, bila GPS? Muuzaji anasema ndiyo, halafu anapandisha bei. Mimi nasema hiyo nyongeza msilipe.

Wazo lenyewe si uongo. Mawimbi hufifia kadiri yanavyokwenda mbali, kwa hiyo vipokezi vitatu ambavyo mahali pake panajulikana vinaweza kukadiria kifaa kiko wapi. Mwaka 2000 Bahl na Padmanabhan wa Microsoft walitumia nguvu ya mawimbi kumtafuta mtu ndani ya jengo la ofisi, na kwa kawaida walikosea mita 2 hadi 3 tu. Ila walishapima humo ndani kwanza, na kuta za ofisi hazirefuki. Mahindi yanarefuka.

Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mahali pa wazi, umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Sasa majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Majani yakila robo tatu ya nguvu, mfumo utadhani kifaa kilicho mita 50 kiko mita 100. Ekari moja ya mraba ina upande wa kama mita 64, kwa hiyo aisee, unaweza kujikuta unatafuta kifaa chako kwa jirani! Na usomaji wa Desemba, mahindi yakiwa machanga, hautafanana na wa Machi. Kifaa kikiwa chini nyuma ya ntumba, tuta lenyewe linakiziba. Antena ikiinama tu, namba zinabadilika.

Kwa anayelima mboga kiangazi hili ni suala la dizeli. Ukiambiwa udongo umekauka lakini kona uliyoonyeshwa siyo, pampu inanguruma huku miche inanyauka upande wa pili.

Na jamani, kipimo cha udongo hakitembei! Siku unakichomeka, simama hapo na simu yako, chukua GPS, andika kwenye daftari namba ya kifaa na mahali. Pembeni chomeka mti mrefu wenye kitambaa chekundu, maana GPS ya simu nayo hukosea mita chache.

Nguvu ya mawimbi ina kazi nyingine nzuri. Ikishuka ghafla kwa kifaa kimoja wakati vingine viko sawa, nenda kakiangalie: pengine kimeanguka au antena imevunjika. Kwa ng'ombe pia naikubali, maana pale swali ni jepesi, yuko karibu na zizi au ametokomea, na hapo mita 20 za makosa hazimuumizi mtu.

Mwenye vifaa tayari alete viwili ofisini tukavipime shambani kabla mahindi hayajafika magotini, kisha tuvipime tena yakitoa mbelewele.