Saksafoni Si Anasa: Somo la Mzee Verckys

Kila tukitaja muziki kwenye mkutano na mashirika, jibu linakuja haraka: "Chakula kimepunguzwa, nyinyi mnaomba saksafoni?" Watu wanacheka kidogo, mwenyekiti anasema tuendelee na ajenda, na habari inaishia hapo. Leo sisi vijana tulioko hapa Kigali, na wenzetu walioko Mahama na Kiziba, tunajibu. Na tunajibu kwa kumkumbuka mzee mmoja.

Mzee huyo ni Kiamuangana Mateta, yule ambaye wazazi wetu kutoka Kongo wanamwita Verckys. Alifariki Kinshasa tarehe 13 Oktoba 2022, akiwa na miaka 78. Ukimwuliza kijana wa leo atakutajia Franco, Tabu Ley, Pepe Kalle. Waimbaji na wapiga gitaa tunawakumbuka. Wapuliza saksafoni tunawasahau, na waliofundisha wengine ndio tunawasahau kabisa. Hilo ni kosa la kwanza tunalotaka kupinga hapa.

Wapo watakaosema ule haukuwa jazz, ulikuwa rumba. Sawa, lakini kwetu jina "jazz" lilikuwa la bendi ya dansi yenye gitaa na midomo ya bati: OK Jazz kule Kinshasa, Morogoro Jazz na Western Jazz kule Tanzania. Tusigombane kwa jina. Tuangalie mtu alifanya nini.

Verckys alizaliwa Kisantu mwaka 1944. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 19, akaingia OK Jazz ya Franco, moja ya bendi kubwa za wakati ule. Na angalia nani walishika saksafoni kabla yake pale: Jean-Serge Essous alitoka Brazzaville, ng'ambo ya mto, naye alikuwa kati ya walioanzisha bendi hiyo mwaka 1956. Isaac Musekiwa alitoka mbali zaidi, Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Wageni! Bendi ambayo Kongo nzima inajivunia ilipulizwa na watu waliokuja kutoka nchi nyingine. Hakuna aliyewaambia wasubiri mpaka warudi kwao ndiyo wapewe chombo.

Mwaka 1969 Verckys akaachana na Franco, akaanzisha Orchestre Vévé. Hapo ndipo tunapata somo letu. Katika muziki wa wakati ule, vyombo vilikuwa vya bosi. Gitaa ya bosi, ngoma za bosi, spika za bosi. Mwanamuziki akigombana naye anatoka mikono mitupu, hata awe fundi namna gani. Verckys alilielewa jambo hilo mapema kuliko wengi. Akawa na vyombo vyake, akawa na lebo yake, baadaye akajenga jengo lake Kinshasa, Vévé Centre. Tena hakuvifungia vyombo stoo. Aliwapa bendi za vijana wapigie, akawarekodi: Bella Bella, Lipua-Lipua, Kiam. Pepe Kalle na Nyboma walipita katika bendi hizo wakiwa bado vijana tu. Santuri zao zilifika mpaka Nairobi na kuchezwa huko.

Hatusemi alikuwa malaika. Alikuwa mfanyabiashara, na wengine waliachana naye kwa ugomvi. Wala hakuwa mwalimu wa ubao na chaki. Shule yake ilikuwa mazoezi: chombo kipo, mkubwa anayejua yupo, na kesho mnarudi tena. Bila vitu hivyo vitatu hakuna anayejifunza muziki duniani, awe Kinshasa, awe Kigali, awe Marekani.

Sasa tuangalie sisi tunapewa nini. Ikikaribia tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, gari linakuja na spika, kinanda na ngoma. Vijana wanapewa siku tatu za "mafunzo ya muziki". Tisheti zinagawiwa, picha zinapigwa, wimbo wa amani unaimbwa mbele ya wageni. Tarehe 21 gari limebeba vyombo limeondoka. Kwenye ripoti wanaandika vijana 40 wamefundishwa muziki. Wamefundishwa nini kwa siku tatu? Saksafoni hata kutoa sauti moja safi inakutaka wiki kadhaa. Midomo inauma, pumzi inaisha, na ule mwanzi mdogo wa mdomoni unachakaa unahitaji mwingine. Huwezi kuazimwa siku tatu ukasema umefundishwa.

Hii ndiyo hali ile ile ya vyombo vya bosi. Tofauti ni kwamba bosi wa zamani alikuwa anaviacha vyombo mpaka mwisho wa onyesho.

Turudi kwenye chakula, maana hatutaki mtu aseme tumekwepa. Tunajua njaa kuliko anayetuuliza. Machi 2021 msaada wa chakula kwa wakimbizi tulioko Rwanda ulikatwa kwa asilimia 60 kwa sababu pesa za wafadhili hazikutosha. Sisi ndio tuliokula mara moja kwa siku, hakuna haja ya kutukumbusha. Lakini mbona swali la chakula linaulizwa tukiomba mwalimu tu? Zikichapishwa tisheti mia tatu za siku moja, nani anauliza kuhusu chakula? Likikodiwa hema la wageni na maji ya chupa, nani anauliza? Kumbe shida si pesa. Shida ni kwamba tisheti inaonekana kwenye picha, na mwalimu anayekuja kila Jumanne haonekani.

Wanasema pia: hii ni dharura, muziki utakuja baadaye. Baadaye lini? Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa pale mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Dharura gani hiyo inayozaa wajukuu?

Na wanasema muziki si kazi. Hapa Rwanda serikali yenyewe haisemi hivyo. Mwaka 2014 ilifungua shule ya muziki Nyundo, na wasanii kama Ariel Wayz na Kenny Sol walisoma pale. Mkuu wa shule hiyo, Jacques Murigande, mpiga gitaa anayejulikana kama Mighty Popo, ni mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda, alizaliwa Burundi. Mtoto wa wakimbizi alikuja kuongoza shule ya muziki ya taifa. Dada zetu na kaka zetu wa mashirika, msituambie haiwezekani wakati mfano uko hapa hapa nchini.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja la kifahari.

Kwanza, mwalimu mmoja kwa kila kambi, siku mbili kwa wiki, kwa miaka miwili. Akitoka miongoni mwetu ni vizuri zaidi. Alipwe kama mwalimu, si posho ya voluntia.

Pili, vyombo vibaki kambini. Vikae kwenye kabati lenye funguo mbili, kuwe na daftari la kuazima na kamati ya vijana na wazazi. Kikiharibika tutajibu sisi. Vichache vinavyobaki ni bora kuliko vingi vinavyoondoka.

Tatu, bajeti ndogo ya matengenezo: nyuzi, ngozi za ngoma, mianzi ya saksafoni. Chombo kisicho na matengenezo ni pambo la ofisi.

Na sisi vijana tuna deni letu pia. Kwenye kambi kuna wazee waliopiga bendi Uvira, Bukavu na Bujumbura, na kila siku tunawapita wamekaa nje tukiwa na simu masikioni. Nenda kwa mzee huyo wiki hii. Mwulize alipiga chombo gani na nani alimfundisha. Mrekodi, andika jina la mwalimu wake. Halafu mwombe akuonyeshe, hata kama ni kwa kupuliza chupa tupu na kugonga jerikani.

Verckys hakusubiri bosi amhurumie. Alihakikisha chombo kimebaki mikononi mwa anayekipiga. Mashirika, tuachieni vyombo. Vijana, tutafuteni walimu.