Kabla ya Kuchagua Almasi, Tazama Mkono Wake



Juzi nilikuwa na wachumba wawili katika mafundisho ya ndoa. Wameniruhusu niseme haya bila kuwataja. Kijana alinionyesha kwenye simu picha ya pete aliyoanza kuilipia: almasi ya mraba yenye pembe nne kali, mkato uitwao princess. Kijana mwenyewe aling'aa kuliko jiwe! Lakini binti alikuwa kimya. Nikamuuliza, "Mama, mbona hunena?" Akajibu polepole, "Pasta, mimi ni nesi. Navaa glavu na kuzivua mchana kutwa. Pembe hizo zitazichana." Nikamuuliza kijana pesa zimetoka wapi. Akainamisha kichwa: mkopo wa simu. Binti alikuwa hajui. Machozi yakamtoka.

Kijana wangu unayesoma, nisikie kama baba. Sipingi pete. Napinga pete iliyochaguliwa kwa ajili ya macho ya watu.

Soma Mwanzo 24. Mtumishi wa Ibrahimu alikuwa na dhahabu tayari, lakini alisubiri kwanza. Alimtazama Rebeka akiteka maji na kunywesha ngamia, na walipomaliza kunywa ndipo akatoa bangili za mikono yake. Aliiona mikono ikifanya kazi kabla ya kuipamba. Wewe je, unaijua kazi ya mkono unaotaka kuuvika?

Kama ni mkono wa nesi, mwalimu wa chekechea au mama wa shambani, jiwe la mviringo au la umbo la yai litamfaa, kwa maana halina pembe za kunasa wala kumeguka. Almasi ni ngumu sana, lakini pembe kali ikigongwa vibaya humeguka. Mwambie sonara aliweke jiwe chini, alizungushie ukingo wa dhahabu. Kama anapenda mkato wa ngazi, ule wa emerald, ajue una nyuso pana kama dirisha, kwa hiyo dosari ya ndani huonekana upesi. Mviringo una nyuso ndogo 57 au 58, na mmemeto wake huficha mengi.

Tena usidanganywe na uzito. Karati moja ni gramu 0.2 tu. Jiwe lililokatwa kwa kina kupita kiasi huficha uzito wake chini, nawe unalipia usichokiona. Lililokatwa vibaya huvujisha nuru, likapoa kama kioo. Afadhali dogo lililokatwa vizuri.

Jirani zetu Tanzania, katika mgodi wa Mwadui, mwaka 1947 ilipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. John Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo. Baada ya kukatwa ilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ilienda! Lakini bila kupoteza ile nusu, isingeng'aa vile.

Mpendwa, ndoa ni hivyo hivyo. Kuna kiburi cha kukatwa, kuna siri za kukatwa, na deni ulilomficha mwenzako ni la kwanza. Usianze agano kwa siri iliyofungwa kidoleni. Kila akiitazama pete ile atakumbuka kwamba hakuulizwa.

Wale wawili walirudi kwa sonara pamoja. Akakubali kubadilisha. Wakachukua jiwe dogo la mviringo, na malipo ya kwanza yakatosha. Mkopo unalipwa sasa, na wote wawili wanajua umebaki kiasi gani. Binti alinionyesha mkono wake Jumapili akicheka.

Kwa hiyo leo, kabla hujaingia dukani, muulize: "Mpenzi, mikono yako inafanya nini kutwa?" Kisha mwambie ukweli wa mfuko wako. Akikupenda, atachagua pamoja nawe.

Mtumie kijana anayejiandaa kuoa. Mbarikiwe sana. Amina!