Tuache Ndege Mbele ya Jua



Tangu telefone za kupiga foto zimekuwa mingi kati yetu, kuko sheria moja ambayo kila mutu anairudilia: jua sherti liwe nyuma ya mupiga foto. Sheria hii ni ya zamani. Inafaa aparei za kisanduku za wakati wa babu zetu, ambazo hazikuweza kubadilisha sana mwangaza unaoingia ndani. Kwa foto ya ubatizo ao ya ndoa, ni shauri nzuri hata leo. Lakini kwa ndege, ninasema wazi: sheria hii inatukosesha mambo mazuri, tena inatufundisha ubaya.

Tuangalie kwanza fasi yetu. Sisi wa upande huu wa ziwa Kivu tuko kwenye magaribi yake. Asubuhi jua linatoka nyuma ya milima ya Rwanda, linapita juu ya maji na kutupiga usoni. Basi ndege wote wanaovua asubuhi, sisi tunawaona kinyume cha jua. Jirani zetu wa ngambo ndio wanapata jua mugongoni saa ile. Sisi zamu yetu ni kisha saa sita. Mutu anayengoja zamu hiyo atakosa saa ambayo ndege wanafanya kazi sana. Tena hapa karibu na ikweta jua linapanda mbio, kama digri 15 kila saa. Likitoka saa kumi na mbili, saa mbili liko tayari juu, na ule mwangaza wa kulala umekwisha.

Watu wanasema: "Lakini ndege anatoka mweusi!" Ni kweli. Sababu gani? Aparei haijui ndege ni nini na mbingu ni nini. Inapima mwangaza wote na kutaka kuufanya uwe wa kadiri, kama rangi ya majivu. Ikikuta mbingu yenye kuwaka, inapunguza mwangaza, na ndege aliye mbele anazama katika giza. Si kosa la jua wala la ndege.

Hapo sherti uchague. Ukitaka kuona manyoya na rangi, ongeza mwangaza: alama +1, hata +2. Kila alama moja inazidisha mwangaza mara mbili. Kwa telefone mingi, gusa ndege kwa kidole, kisha vuta juu ile alama ya jua kidogo. Mbingu itakuwa nyeupe kabisa, na weupe ule haurudi tena. Ndiyo bei yake. Ukitaka umbo, fanya kinyume: punguza. Mbingu itashika rangi yake, na ndege atabaki mweusi mwenye mipaka safi. Ngoja ageuke upande, mudomo uonekane, pasipo tawi la kumukata. Kinga objektifu kwa mukono ao kofia. Na usiangalie jua kamwe kupitia tundu la aparei: macho hayanunuliwi sokoni.

Je, umbo jeusi linafundisha kitu? Linafundisha sana. Mwewe unamujua kwa mukia wake uliogawanyika. Fundichuma unamujua kwa kichwa kinachofanana na nyundo. Mnandi anapanua mabawa kama mutu anayeanika nguo. Yule mvuvi mudogo mweupe na mweusi anasimama katika hewa, mudomo chini, mbele ya kujitupa majini. Na yangeyange akifungua mabawa mbele ya jua, mwangaza unapita katika manyoya, unahesabu moja moja. Jua la mugongoni halitakuonyesha hayo.

Ninajua mwalimu wa biolojia atasema: "Bila rangi, nitajuaje jina la ndege?" Ana haki. Kuko ndege wadogo wengi wanaofanana kwa umbo, na kwao rangi ndiyo inaamua. Kwa wale, turudi kisha saa sita. Lakini jina si mambo yote. Anakula nini, anasimama namna gani, anaruka na nani: hayo yanaonekana vizuri hata katika weusi.

Sasa nafika kwenye neno linaloniuma. Kwa kufuata sheria ile ya jua, wengine wanatupa mawe katika miti yenye viota ili ndege wahame upande wenye mwangaza. Wengine wanavunja matawi yanayofunika kiota, eti mwangaza uingie. Mama anakimbia, mayai yanabaki katika jua kali, mwewe anaona njia. Foto inapatikana, watoto wa ndege wanakufa. Sisi tunaosoma Biblia kila asubuhi, tufungue Kumbukumbu la Torati 22, mustari wa 6 na wa 7: sheria ya Musa ilimukataza mutu kumukamata mama wa ndege pamoja na wadogo wake. Hata mwenye njaa aliwekewa mupaka. Na sisi, wenye kutafuta foto tu, hatuna mupaka?

Tena si ndege wote walio wengi. Korongo mwenye taji, ambaye taji lake linawaka kama zahabu akiwa mbele ya jua, ameandikwa tangu mwaka 2012 katika orodha ya dunia ya ndege walio katika hatari ya kwisha, sababu watu wanamukamata na kukausha mabwawa anamokaa.

Kwa hiyo ninaleta shauri. Tuweke ubao mumoja wa foto za ndege hapa masomoni. Chini ya kila foto tuandike saa, fasi, na kazi ndege aliyokuwa akifanya. Foto nyeusi ipokelewe sawa na ile ya rangi. Lakini foto iliyopatikana kwa jiwe ao kwa kuvunja tawi isipandishwe, hata ikiwa nzuri namna gani.

Mwangaza usipokupendeza, wewe una miguu: zunguka. Ao kaa chini, ngoja. Ndege hana deni kwako.