Uchache Si Umaskini

Wako watu wasemao kuwa muziki wa vyombo vichache ni muziki wa kimaskini. Kwao, arusi isiyo na vipaza sauti virefu kama milango haikufana, na mwimbaji asiyetikisa kuta hakuimba. Msomaji, rai hii nimeisikia Garissa mara nyingi, tena vinywani mwa vijana waliosoma. Ni rai potofu, nami naipinga.

Tutazame kwanza Marekani, nchi iliyozaa jazi. Mwaka 1936 Benny Goodman, mpiga klarineti aliyekuwa na bendi kubwa yenye sifa, alirekodi pamoja na watu watatu tu: mmoja wa piano, mmoja wa ngoma, na Lionel Hampton wa vaibrafoni, yaani safu ya vibao vya chuma vigongwavyo kwa vijiti, ambavyo mlio wake hutetemeka na kufifia polepole. Je, Goodman alikosa watu? La. Mwenye wengi alichagua wachache, maana penye vyombo vichache kila mmoja humsikiliza mwenziwe, na hapana pa kuficha kosa.

Turudi kwetu. Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi mwaka 1924, huitwa baba wa muziki wa Kisomali wa kisasa. Silaha zake zilikuwa sauti yake na udi, chombo cha nyuzi ambacho Wasomali hukiita kaban. Nao akina mama zetu, waimbapo buraanbur, ushairi wa wanawake, hutosheka na ngoma na makofi.

Uchache huo una sababu. Katika ushairi wa Kisomali herufi moja ya mwanzo hurudiwa mshororo baada ya mshororo. Asiyeisikia hakulisikia shairi. Tena lugha hiyo haikupata maandishi rasmi huko Somalia mpaka mwaka 1972. Kabla ya hapo, sikio ndilo lililokuwa kabati la vitabu.

Nimepata kuona katika arusi moja bibi mzee akisimama kumsifu bibi arusi kwa utungo wake mwenyewe. Kijana aliyeshika mitambo hakupunguza sauti hata kidogo. Midomo ya bibi ilikwenda, watu walipiga makofi kwa heshima, na hapana aliyesikia neno. Utungo ule haukuandikwa popote. Bibi alipoketi, ulikuwa umekwisha kufa. Sasa niambieni, maskini wa siku ile alikuwa nani: bibi aliyekuja na maneno yake matupu, au sisi tulioondoka bila neno hata moja?

Sisemi mitambo ivunjwe. Gargar, kundi la wanawake wa Garissa, limerekodi nyimbo zake kwa mitambo ya kisasa, na hilo ni jambo jema. Mtambo ni mtumishi mwema. Ubaya wake huanza unapomnyamazisha bwana wake.

Basi, kijana, siku utakayoshika kitufe cha sauti wewe, kipunguze mzee anaposimama kunena. Kisha uwe na kalamu mfukoni. Bibi yako alihifadhi mashairi bila kujua kuandika, wewe unajua. Ukiyaacha yapotee, utamlaumu nani?